Ramani Isiyo na Mlima

Rafiki yetu mmoja aliyesomea Nairobi alipita kwetu Vulamba wakati wa likizo, akatuachia karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya kitabu. Ya kwanza ni ramani ya treni za chini ya ardhi za mji wa London. Ya pili ni ramani ya matatu za Nairobi, nayo imechorwa kwa kufuata mtindo ule ule wa London: mistari ya rangi, vitone, na majina yaliyopangwa vizuri. Akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe mpenda ramani. Uzitazame, kisha uniambie ipi ni kazi njema zaidi."

Kwanza tulicheka. Sisi watu wa Butembo tuna pikipiki, tuna malori, tuna chukudu zinazoshuka mlimani zimejaa viazi na makaa. Treni hatuna. Reli iliyo karibu nasi kwa upande wa mashariki ni ile iliyofika Kasese, katika Uganda, mwaka 1956, na hata hiyo treni zake ziliacha kupita zamani. Na leo mtu anatuuliza sisi habari za treni zinazopita chini ya ardhi kama fuko! Lakini karatasi hizo zilikaa mezani petu majuma kadhaa. Kila jioni tulizitazama kwa mwanga wa taa, na kila mara jambo moja la zamani lilituchoma moyoni, jambo ambalo msomaji atalijua mbele kidogo. Kwa hiyo tumeona yafaa kumjibu rafiki yetu kwa maandishi, na mbele ya wasomaji wote.

Tuanze na London, kwa maana ndiko mambo haya yalikoanzia. Treni ya kwanza ya chini ya ardhi ilianza kuchukua watu huko tarehe 10 Januari 1863. Iliendeshwa kwa mvuke, na msomaji anaweza kufikiri ule moshi ndani ya shimo ulikuwaje. Mwaka 1890 ikaja ya kwanza yenye kwenda kwa umeme, ikapita chini zaidi. Miaka ilivyoendelea njia ziliongezeka, makampuni yakajenga kila moja kwa mpango wake, mpaka chini ya mji pakawa kama mizizi ya mti mkubwa. Ramani zilizochorwa siku zile zilifuata ardhi ilivyo: reli ikipinda, mstari unapinda, vituo vikikaribiana, vitone vinabanana. Matokeo yake, katikati ya karatasi majina yalisongamana hata hayasomeki, na pembeni palikuwa na nafasi tupu.

Ndipo mwaka 1931 mtu mmoja jina lake Harry Beck akakaa na kuchora upya. Beck hakuwa mtu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya mafundi katika ofisi ya reli hizo, na siku zile hata kazi yenyewe haikuwa ya hakika. Alijiuliza swali ambalo sisi twaliona kuwa ni la hekima kweli: mtu akiisha kushuka chini ya ardhi, anahitaji kujua nini? Haoni nyumba, haoni kanisa, haoni kama njia inapinda kushoto au kulia. Anataka kujua mambo matatu tu: nipande njia ipi, nishuke kituo gani, na nibadili treni wapi. Basi Beck akanyoosha mistari yote. Mmoja umelala, mwingine umesimama, mwingine umeinama kwa pembe ya nyuzi 45, hakuna mwingine. Katikati ya mji akapapanua, pembeni akapavuta karibu. Vitu vyote vya juu ya ardhi akavifuta, isipokuwa mto Thames. Watu wengi wamesema kwamba mchoro huo unafanana na ule wa nyaya za umeme, na kweli unafanana.

Wakubwa wake waliukataa mara ya kwanza, wakiona umepita kiasi. Baadaye wakakubali kuujaribu, na Januari 1933 wakautoa katika karatasi ya kutia mfukoni. Watu wa mji wakaupokea kwa furaha. Tangu hapo miji mingi ya dunia yenye treni za namna hiyo imechora kwa kumwiga Beck. Yeye mwenyewe aliendelea kuusahihisha mchoro wake kwa miaka mingi, na mwaka 1960 ikatolewa ramani nyingine isiyo na jina lake. Alikufa mwaka 1974. Siku hizi jina lake limerudishwa pembeni mwa ramani ya London, kwa herufi ndogo.

Tukiisifu kazi hii tunasifu hasa ujasiri wa kuacha. Kila anayefundisha anaijua shida hiyo. Mwalimu mchanga huingia darasani na kila kitu alichosoma, ataka kukimwaga chote kwa saa moja, na watoto wanatoka bila kushika neno. Beck alijua mji wake una mambo elfu, akachagua matatu. Tena mchoro wenyewe ni mzuri wa kutazama. Hata mtu ambaye hatafika London maisha yake yote, jicho lake latembea juu ya mistari ile bila kuchoka.

Hata hivyo, tulipokuwa seminarini mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mkali sana kwa jambo moja: ramani isiyo na kipimo alikuwa anaipa sifuri, bila kuitazama mara ya pili. Beck angepata sifuri kwake. Ramani yake haina kipimo, wala haiwezi kuwa nacho. Kutoka kituo cha Leicester Square mpaka Covent Garden ni chini ya mita 300. Mtu mwenye miguu mizima angefika huku mwenzake bado anashuka ngazi za kwenda kwenye treni. Lakini kutoka Chalfont & Latimer mpaka Chesham, pembeni kabisa mwa ramani, ni zaidi ya kilomita 6. Kwenye karatasi nafasi hizo mbili haziachani sana. Mgeni ataambiwaje? Ataamini jicho lake.

Wala si wageni tu. Mwaka 2011 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha New York, Zhan Guo, alichunguza safari za watu wa London, akaonyesha kwamba katika kuchagua njia wao hufuata urefu wa mstari kwenye ramani kuliko muda wa kweli wa safari. Ajabu! Mtu anapita njia ile kila siku, ana saa mkononi, na bado karatasi inamshinda. Tuliposoma habari hiyo hatukucheka, na sababu yake itaonekana.

Lakini tumtendee Beck haki. Kosa lake lina dawa palepale lilipo. Aliye chini ya ardhi, hata kama amedanganywa juu ya umbali, atafika tu. Reli haihami. Treni haiwezi kuamua kupita njia nyingine kwa sababu ya mvua au askari. Kituo kilichoandikwa kipo, na jina lake limeandikwa ukutani. Ramani inasema uongo mdogo juu ya ardhi, lakini inasema kweli juu ya reli. Na abiria amejikabidhi kwa reli, hakujikabidhi kwa ardhi.

Kuhusu ule mto Thames kuna kisa kidogo. Mwaka 2009 wenye treni za London walitoa ramani mpya, wakaufuta mto ili kupunguza mistari. Watu wakanung'unika sana, hata meya wao akakasirika, na kabla ya mwaka kwisha mto ukarudishwa. Mto huo haumsaidii abiria kushuka kituo chochote. Lakini watu wa London walitaka kujua kama wako ng'ambo hii au ng'ambo ile. Mtu wa Butembo anaelewa neno hilo bila kufafanuliwa. Mwulize aliyekulia kando ya Kimemi kama ng'ambo zake mbili ni mamoja.

New York nao walikuwa na ugomvi wao. Mwaka 1972 walitoa ramani iliyochorwa na Massimo Vignelli, safi kama kitambaa kilichopigwa pasi. Bustani yao kubwa, Central Park, ambayo ni ndefu mno na nyembamba, ikaonekana karibu mraba. Watu wa New York hutembea sana juu ya ardhi, wanaijua bustani yao kwa miguu. Wakalalamika, na mwaka 1979 ikaletwa nyingine inayofuata mji ulivyo. Mwaka 2025 wamerudi tena kwenye mchoro unaofanana na ule wa Vignelli. Sisi hatuamui kati yao. Twaona tu kwamba watu milioni kadhaa wenye shule nyingi wamebishana zaidi ya miaka 50 juu ya karatasi moja, kwa hiyo si jambo la mchezo.

Ile tuliyoipenda kwa moyo ni ya mji wa Mexico. Treni yao ilipofunguliwa mwaka 1969, kila kituo kilipewa picha yake, kazi iliyoongozwa na mchoraji Lance Wyman, kusudi hata asiyejua kusoma aweze kusafiri. Kituo cha Chapultepec kina picha ya panzi, kwa sababu jina hilo katika lugha ya wenyeji wa kale ni kilima cha panzi. Mama asiyejua herufi hata moja anamwambia mtoto wake, "Tutashuka kwenye panzi," na kweli wanashuka. Mtu aliyewaza hivyo alimheshimu mama huyo.

Sasa Nairobi. Hapa ndipo tutakapokaa, kwa maana Nairobi hakuna treni ya chini ya ardhi, na ramani yake imevaa nguo ya kuazima. Je, nguo hiyo inamfaa?

Matatu wasomaji wengi wanazijua, hasa wafanyabiashara wetu wanaofuata mizigo Mombasa na Nairobi. Jina lake, kama wanavyosimulia huko, latokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwanzoni zilikuwa magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria bila ruhusa. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu, na tangu hapo zikaongezeka mpaka zikawa ndizo miguu ya mji. Hakuna mtu mmoja aliyezipanga. Mwenye gari aliona watu wanangoja mahali, akapeleka gari lake, mwenzake akamfuata, kisha njia ikapata namba. Namba 46 ni ya Kawangware, 111 ya Ngong, 33 ya Embakasi. Kule Githurai namba imeshikana na mahali penyewe hata watu husema "Githurai 45" kama mtu asemavyo jina na jina la baba. Elimu yote hiyo ilikaa hasa katika vichwa vya madereva, vya makanga na vya abiria.

Basi wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo viwili vya Marekani, yaani Columbia na MIT, wakafanya kazi ya uvumilivu. Vijana walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaenda njia nzima mpaka mwisho, na kila gari liliposimama waliandika pahali na jina. Wakapanda nyingine. Hivyo hivyo njia baada ya njia, zaidi ya 130. Mwaka 2014 wakatoa ramani kubwa ya rangi, ile tuliyo nayo mezani. Habari zenyewe wakazitoa bure kwa yeyote azitakaye, na kuanzia Agosti 2015 mtu wa Nairobi akaweza kutafuta njia ya matatu katika ramani za Google kwenye simu yake.

Tunaisifu ramani hii kwa sababu ambayo si ya uzuri wa mchoro. Nguo ya London iliyovishwa matatu ni kama kiti kilichotolewa kwa mtu aliyezoea kusimama mlangoni. Watu wenye magari yao huzoea kuziita matatu fujo: kelele, matusi, mwendo wa kichaa. Fujo ipo, hatukatai. Sisi wenyewe tulipanda moja mara moja tu na kuhesabu rozari nzima kabla ya kushuka. Lakini ramani inapofunguliwa, mtu anaona kwamba ndani ya fujo hiyo mna utaratibu. Ni kazi ya maelfu ya watu wasiosomea mipango ya miji, ambao kwa miaka 40 walifungua njia hadi mitaa ambayo hakuna mkubwa aliyeikumbuka. Kuchora njia zao kwa heshima ile ile waliyopewa watu wa London ni tendo la haki.

Tena ramani yafundisha jambo ambalo dereva mmoja hawezi kuliona kutoka kitini pake. Karibu mistari yote inakimbilia katikati ya mji. Mtu wa upande mmoja akitaka kwenda upande wa pili, sharti aingie kwanza kwenye msongamano, ashuke, atembee, apande tena. Kila mtu alijua taabu yake mwenyewe. Karatasi ikaonyesha kwamba ni taabu moja ya wote.

Hayo ni mema yake. Ubaya wake ni huu: mstari mnyoofu wa rangi ni ahadi. Beck aliahidi kwa niaba ya reli, na reli ikatimiza. Nani atatimiza kwa niaba ya matatu? Mvua ikinyesha nauli yapanda, na ramani haina nauli. Abiria wakipungua, makanga huwashusha waliobaki nusu ya njia na gari linageuka. Askari wakisimama mahali fulani, madereva wote wanapita uchochoro. Tena tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ilizikataza matatu kuingia katikati ya mji. Siku hiyo wafanyakazi, wagonjwa na wazee walitembea kwa miguu mwendo mrefu, makelele yakazidi, na amri ikasimamishwa upesi. Mtu aliyeamka asubuhi ile na karatasi hii mkononi alikuwa na kila mstari mahali pake, na gari hapana.

Wengine watasema: abiria wa Nairobi hatumii karatasi, humwuliza makanga, yule ambaye sisi Wakongo tunamwita konvuayeri. Ni kweli, na twaona kwamba makanga ni ramani bora kwa siku ya leo, kwa maana anajua mvua na askari. Lakini makanga hajui kesho ya mji, wala hawezi kuwekwa mezani mbele ya wakubwa wanapojadili barabara. Kwa kazi hiyo karatasi inamshinda. Basi hukumu yetu juu ya ramani ya Nairobi ni kwamba ni shahidi mwema kuliko kiongozi wa njia. Kama wachoraji wangeulizwa na sisi, tungewaomba waache baadhi ya mistari iwe na ukungu kidogo, pale ambapo njia yenyewe haijatulia, kuliko kuinyoosha yote kama reli.

Msomaji atauliza, mwalimu wa dini wa Vulamba anapata wapi ukali huu juu ya mistari minyoofu? Sasa tuseme.

Miaka mitatu iliyopita sisi wenyewe tulichora ramani ya namna ya Beck. Tulikuwa tumeona mchoro wake seminarini, katika kitabu cha jiografia, na haukututoka akilini. Parokia tuliyokuwa tukitumikia wakati ule, mbali kidogo na mji, ilikuwa na vikanisa kumi na viwili vya mbali. Padri mgeni alikuwa anakuja, mtu wa jimbo jingine, asiyejua Kinande wala vijia vyetu. Tukasema, tumsaidie. Tukachukua ubao, tukaupaka rangi nyeupe, tukachora mstari mwekundu wa upande wa machweo na mstari wa buluu wa upande wa mawio, kila kikanisa kitone chake, na kutoka kitone hadi kitone upana wa vidole vitatu sawasawa. Ubao ukatundikwa ofisini. Kila aliyeingia aliusifu. Tulijivuna, tusifiche.

Siku moja zilikuja barua mbili za wagonjwa, na sisi tulikuwa tumekwenda kufundisha mahali pengine. Barua moja ilitoka kitone cha nne cha buluu, nyingine kitone cha pili cha wekundu. Padri akatazama ubao. Akaona cha nne ni mbali, cha pili ni hapo tu. Akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri: niende mbali kwanza, nikirudi nitapita hapa karibu. Akapanda pikipiki, akafika kitone cha nne kwa nusu saa, kwa maana njia ya buluu yote ni barabara kuu, tambarare. Akampaka mgonjwa mafuta, akarudi, akanywa chai, na saa tisa alasiri akashika njia ya wekundu.

Kati ya kitone cha kwanza na cha pili cha wekundu upo mlima. Pikipiki haipandi wakati wa masika. Ukishuka ng'ambo ya pili upo mto, na daraja lake ni magogo mawili. Sisi wenyeji tunahesabu saa tatu kwa miguu, na mvua ikinyesha ni nne. Padri alifika usiku, ametota, viatu vimejaa tope. Mama aliyekuwa akimngoja alikuwa ameaga dunia jua linapotua. Waliokuwepo walitusimulia kwamba mchana kutwa alikuwa akiuliza kama pikipiki imesikika.

Padri hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Tulikwenda kwenye matanga. Binti mkubwa wa marehemu alitupa mkono, akatukalisha, akatuletea maji. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, tumesikia kwamba Padri alifuata karatasi yako. Katika karatasi hiyo, mlima wetu uko wapi?"

Tulishindwa kumjibu. Mlima tulikuwa tunaujua. Tumeupanda mara nyingi kuliko tulivyosoma vitabu. Tuliuacha kwa sababu uliharibu unyoofu wa mstari.

Beck aliweza kuifuta ardhi kwa sababu treni yake haiikanyagi. Sisi tunaikanyaga. Hata barabara kuu namba 2, ile itokayo Butembo kwenda Beni, kilomita 54 hivi, haina urefu mmoja: ina urefu wa kiangazi na urefu wa masika, na motari yeyote atakutajia bei mbili. Tena katika eneo la Beni, tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, zipo njia ambazo kilomita zake hazina maana tena. Ni nani anayepima njia ya Mbau kwenda Kamango kwa kilomita? Ziko nyakati ambapo magari ya Beni kwenda Kasindi yalikusanywa yangoje askari wa kuyasindikiza, na mwendo wa saa chache ukawa wa siku nzima. Tukichora barabara hizo kwa mstari mnyoofu wa rangi nzuri tunamwambia mgeni uongo ambao unaweza kumwua.

Tuliushusha ule ubao tukaupaka rangi upya. Mara ya pili vitone havikuachana kwa vidole vitatu. Viliachana kwa muda wa miguu, kila saa moja upana wa kidole, ikaandikwa saa za kiangazi na saa za masika. Mstari wa wekundu ukawa mrefu kuliko wa buluu, na ubao ukawa mbaya kutazama. Tukatia mto na magogo yake mawili. Kwa kuwa akina mama wengi wa upande ule hawasomi, kila kikanisa tulikipa picha, kama wale wa Mexico, ingawa wakati huo hatukujua kwamba kuna mtu mwingine duniani aliyewaza hivyo: mwavuli wa mti mkubwa, jiwe jeupe, ndizi, kisima. Jambo moja lilitushinda, nalo ni alama ya njia isiyopitika kwa hofu ya watu wenye silaha. Rangi nyekundu tulikuwa tumekwisha kuitumia. Kufuta njia kabisa ni kusema kwamba wanaokaa mwisho wake hawapo. Mwishowe tuliichora kwa chaki, ili ifutwe na kurudishwa kwa kadiri habari zinavyokuja, na tukamwachia kazi hiyo mzee wa baraza anayekaa karibu na ofisi.

Mwaka uliopita tulirudi katika parokia ile kwa ubatizo wa mtoto wa ndugu yetu, tukamkuta ofisini binti wa yule marehemu, amekuja kuandikisha misa ya mama yake. Alisimama mbele ya ubao. Alianza na nyumba ya mapadri, akafuata wekundu kwa kidole, akapita kitone cha kwanza, akafika kwenye mlima tuliouchora kwa rangi ya kijani. Akautazama kitambo.

"Huu ndio wetu?" akauliza.

"Ndio, Mama."

"Ni mdogo mno," akasema. Tukamwomba mzee ile chaki.